Sacagawea hakuwaongoza Lewis na Clark hadi baharini. Alifanya makubwa kuliko hayo

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila historia ya Marekani inapoguswa humu, Sacagawea anatajwa kwa sentensi moja tu: "yule mwanamke aliyewaonyesha Wazungu njia." Halafu mjadala unahamia kwingine. Sentensi hiyo inaniudhi kwa sababu mbili. Kwanza, kwa sehemu kubwa si kweli. Pili, inafunika kazi aliyoifanya hasa, ambayo bila hiyo msafara ule huenda ungekwama milimani.

Nianze na mazingira. Mwaka 1803 Marekani ilinunua eneo la Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15. Rais Thomas Jefferson akamtuma katibu wake, Kapteni Meriwether Lewis, pamoja na William Clark, wapande mto Missouri hadi chanzo chake, wavuke milima, washuke upande wa pili hadi Bahari ya Pasifiki. Waliondoka Mei 1804. Mwishoni mwa Oktoba wakafika kwenye vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, makabila ya wenyeji wa Amerika, North Dakota ya leo. Baridi ilikuwa imeanza kubisha hodi, wakajenga ngome, wakaiita Fort Mandan.

Hapo ndipo walipomkuta. Sacagawea alikuwa Mshoshone, kabila jingine la wenyeji, wa bonde la mto Lemhi, Idaho ya leo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wapiganaji wa Kihidatsa waliwavamia watu wake pale mito mitatu inapokutana na kuwa Missouri. Wahidatsa walikuwa na bunduki, Washoshone karibu hawakuwa nazo kabisa. Akatekwa, akapelekwa mamia ya maili mashariki, na baadaye akawa mke wa Toussaint Charbonneau, mfanyabiashara wa ngozi, Mfaransa wa Kanada. Charbonneau alikuwa na msichana mwingine wa Kishoshone pia, naye mateka. Kwa hiyo tunapomzungumzia "mke wa mkalimani" tukumbuke tunamzungumzia binti wa miaka 16 au 17 ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini.

Makapteni walijua kwamba mitumbwi ina mwisho wake. Wakifika milimani watahitaji farasi, na wenye farasi kule ni Washoshone. Kambi nzima haikuwa na mtu wa kuzungumza nao. Charbonneau akaajiriwa Novemba 1804, lakini kilichotafutwa ni mkewe.

Tarehe 11 Februari 1805 akajifungua mtoto wake wa kwanza wa kiume, Jean Baptiste. Uchungu ulikuwa mkali na wa muda mrefu. Lewis ameandika kwamba alimpa pete mbili za mkia wa nyoka yule mwenye kayamba, zikiwa zimevunjwavunjwa ndani ya maji, na ndani ya dakika kama kumi mtoto akazaliwa. Lewis mwenyewe hakusema ni dawa ndiyo iliyofanya kazi. Tarehe 7 Aprili wakaondoka, watu 33, mtoto akiwa bado hajatimiza miezi miwili.

Nitaendelea. Wenye maswali waulize.

#2 Mama Wawili

Dada au kaka uliyeleta uzi, asante. Mimi nimezaa, na hapo kwenye miezi miwili nimesimama kwanza. Mimi wakati huo hata kwenda sokoni ilikuwa shughuli. Huyu binti alisafiri na mtoto mgongoni kwenda mahali ambapo hata wanaomchukua hawapajui? Alikuwa anapata nini? Alikuwa anakula nini?

#3 Mleta uzi

Mama, hilo la chakula ni zuri kulianzia, maana halisemwi kabisa.

Siku ya pili tu baada ya kuondoka, tarehe 9 Aprili, waliposimama kula, yeye alishika kijiti chenye ncha akaenda kwenye marundo ya magogo yaliyosukumwa na mto. Akawa anachoma ardhi kijiti chake hapa na pale. Alikuwa anatafuta maghala ya panya! Panya wa nyikani huchimba na kuficha mizizi kwa ajili ya akiba, naye alijua wanaificha wapi. Baada ya muda mfupi akarudi na mizizi mingi. Lewis akaliandika jambo hilo kwenye shajara yake kwa kirefu, na inaonekana wazi kwamba lilimvutia.

Alifanya hivyo safari nzima. Wanaume walikuwa wawindaji hodari, lakini nyama tupu siku nenda rudi si chakula. Mei 1806, wakiwa wamekwama kwa Wanez Perce, kabila la wenyeji wa ng'ambo ya milima, wakisubiri theluji iyeyuke, ndiye aliyekuwa akikusanya mizizi na kuikausha kwa ajili ya kuvuka milima tena. Njaa ilikuwa imewafunza wale wanaume kuheshimu mizizi.

Kuhusu alipata nini, nitafika. Jibu litakuudhi.

#4 Mpenda Mito

Mimi nimesikia kisa cha mashua kuzama. Ni kweli au ni chumvi?

#5 Mleta uzi

Ni kweli, na kimeandikwa wakati uleule.

Ilikuwa 14 Mei 1805. Makapteni wote wawili walikuwa nchi kavu, jambo ambalo kwa kawaida hawakulifanya. Mashua iliyobeba hati, vitabu, vifaa vya kupimia, dawa na sehemu kubwa ya bidhaa za kubadilishana na wenyeji ilikuwa na tanga juu, na aliyeshika usukani alikuwa Charbonneau. Hakujua kuogelea, na Lewis alimtaja kuwa pengine ndiye mwoga wa maji kuliko wote duniani. Upepo wa ghafla ukaipiga mashua ubavuni. Badala ya kuielekeza upepo unakoelekea, akaigeuza kuukabili upepo, ikalala upande, maji yakaingia. Charbonneau akaachia usukani akawa anamlilia Mungu. Pierre Cruzatte, baharia wa mbele, akatishia kumpiga risasi palepale asipoushika tena.

Wakati hayo yanaendelea, Sacagawea alikuwa nyuma ya mashua, maji yamejaa, mtoto yuko naye. Akawa anaokota kimoja kimoja vitu vinavyoelea kabla mto haujavichukua. Siku mbili baadaye Lewis akaandika kwamba mwanamke huyo alikuwa na ujasiri na uthabiti sawa na mtu yeyote aliyekuwemo ndani ya mashua, na kwamba aliokoa vitu vingi vyepesi vilivyosombwa. Siku chache mbele wakaupa mto mmoja jina lake.

Fikiria maana yake. Walikuwa mahali ambapo huwezi kununua dira nyingine wala dawa nyingine. Maandishi tunayoyasoma leo kuhusu safari ile, sehemu yake ilikuwa ndani ya mashua ile.

#6 Mwanahistoria wa Mtaani

Mkuu nakufuatilia vizuri, ila nikuulize bila kupepesa macho. Msafara ule ndio uliofungua mlango wa walowezi kunyang'anya ardhi ya wenyeji. Washoshone wa Lemhi wenyewe mwaka 1907 walihamishwa kutoka bonde lao wakapelekwa Fort Hall, eneo lililotengewa wenyeji. Sasa kwa nini tumsifu mtu aliyewasaidia waliokuja kuwamaliza ndugu zake? Kwangu huyu ni wa kuhurumiwa, si wa kusifiwa.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Na umesema kweli kuhusu 1907. Lakini hebu nikupitishe kwenye Agosti 1805, halafu uamue mwenyewe.

Mwishoni mwa Julai walifika pale mito mitatu inapokutana. Sacagawea akawaambia kwamba kambi yao ilikuwa hapahapa siku waliyovamiwa, na akaeleza jinsi watu wake walivyokimbilia maili tatu juu ya mto kujificha kwenye miti, na jinsi yeye alivyokamatwa katikati ya mto akijaribu kuvuka. Lewis akaandika kwamba haoni dalili yoyote ya huzuni kwake, na kwamba akipata chakula cha kutosha na vishanga vya kuvaa anaweza kuridhika popote. Sentensi hiyo huwa inanichoma. Mtu anasimulia alivyotekwa akiwa mtoto, mbele ya wanaume wenye silaha ambao mumewe anawatumikia, halafu kutolia kwake kunageuzwa kuwa kutokuwa na moyo.

Wiki tatu hazikupita, ukweli ukajulikana. Lewis alitangulia na watu wachache, akavuka mgongo wa bara pale Lemhi Pass, akawakuta Washoshone. Hawakumwamini. Walidhani ni mtego wa adui zao. Ikabidi amkabidhi chifu wao, Cameahwait, bunduki yake mwenyewe, akamwambia akiona hila ampige nayo. Siku zinakwenda, Clark hajafika, wasiwasi unaongezeka, wengine wanataka kuondoka.

Asubuhi ya 17 Agosti Clark akatokea na Sacagawea akiwa mbele yake. Alipowaona wale wapanda farasi akaanza kucheza kwa furaha, akimwashiria Clark na kunyonya vidole vyake, ishara ya kwamba hawa ndio watu walionilea. Walipofika kambini mwanamke mmoja akapenya kwenye umati wakakumbatiana. Walitekwa pamoja, yule akafanikiwa kutoroka. Kisha akaitwa kwenye kikao aanze kutafsiri. Akaketi, akaanza, mara akamtambua chifu. Alikuwa kaka yake. Akaruka, akamkimbilia, akamfunika kwa blanketi lake, akalia. Baadaye akarudi kukaa ili aendelee na kazi, lakini machozi yalikuwa yakimkatiza mara kwa mara. Na kikao kilipoisha akaambiwa kwamba ndugu zake karibu wote wamekufa, wamebaki kaka wawili na mtoto wa dada yake mkubwa. Akamchukua yule mtoto kuwa wake.

Huyo ndiye aliyeandikiwa kwamba ataridhika na vishanga.

Sasa tazama tafsiri ilivyofanyika. Cameahwait anasema Kishoshone. Sacagawea anakigeuza Kihidatsa kwa mumewe. Charbonneau anakigeuza Kifaransa. Labiche, mmoja wa askari, anakigeuza Kiingereza kwa makapteni. Jibu linarudi kwa ngazi zilezile. Biashara yote ya farasi, ambayo ilikuwa uhai wa msafara, ilipita kwenye kinywa cha binti huyu. Walipata farasi 29 mwishowe, pamoja na mzee mmoja wa Kishoshone wa kuwapitisha milimani.

Lakini kwako, ndugu, nataka uangalie tarehe 25 Agosti. Washoshone walikuwa na njaa. Nyati walikuwa upande wa mashariki, na msimu wa kwenda kuwawinda ulikuwa umefika. Cameahwait, ambaye alikuwa ameahidi kusaidia kubeba mizigo hadi ng'ambo, akatuma ujumbe kwa siri kwamba watu wake waje siku ya pili, waondoke wote kwenda kwenye nyati. Lewis angebaki juu ya mlima na mizigo yake bila farasi. Sacagawea aligundua, akamwambia mumewe asubuhi. Mumewe hakuona uzito wake, akaja kulitaja mchana kama habari ya kawaida. Lewis alimkasirikia vibaya sana. Akawaita machifu, wakavuta kiko, akawauliza kama wao ni watu wa kushika ahadi. Cameahwait akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba amekosea, lakini alifanya hivyo kwa sababu aliwaona watu wake wote wana njaa. Akafuta agizo.

Unaona alivyobanwa? Kaka yake upande huu, na watu wenye njaa. Upande wa pili mume, mtoto wake wa miezi sita, na wanaume wenye bunduki ambao wangefanya nini wakikwama, Mungu anajua. Na kuna jambo jingine: makapteni walikuwa wamewaahidi Washoshone kwamba baada ya wao kupita, biashara itakuja na bunduki zitakuja, wasivamiwe tena. Kwa mtu aliyevamiwa akiwa na miaka 12, ahadi hiyo ilikuwa na uzito wake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu 1907. Ukimwita msaliti unamhukumu kwa jambo ambalo Jefferson mwenyewe ndiye alilipanga, si yeye. Ukimwita wa kuhurumiwa tu, unamnyang'anya akili na ujasiri wake. Mimi nakataa vyote viwili.

#8 Mwanahistoria wa Mtaani

Hiyo ya 25 Agosti sikuwahi kuisikia. Neno "msaliti" sikulitumia mimi, ila nakubali kwamba lawama iende kwa waliotoa ahadi. Endelea mkuu. Swali: baada ya Washoshone, huko mbele lugha yake haikutumika sana. Alikuwa na faida gani?

#9 Mleta uzi

Swali zuri, na hapa ndipo hadithi ya "mwonesha njia" inapovunjika. Kati ya Lemhi na baharini hakujua njia hata kidogo. Hakuwahi kufika. Waliowaongoza ni mzee wa Kishoshone, kisha Wanez Perce, kisha mto Columbia wenyewe, unaoteremka hadi Pasifiki.

Faida yake ilikuwa sura yake. Clark aliandika Oktoba 1805 kwamba mke wa Charbonneau anawatuliza wenyeji wote kuhusu nia yao njema, kwa kuwa mwanamke katika kundi la wanaume ni ishara ya amani. Siku chache baadaye kwenye Columbia, Clark alitangulia na watu wachache akaingia kijiji ambacho watu wote walikuwa wamejifungia ndani, wanalia na kukunja mikono kwa hofu, wakiamini wanakuja kuuawa. Maelezo yake hayakuwatuliza vya kutosha. Mitumbwi ilipowasili wakamwona Sacagawea, wakatoka nje. Kikosi cha vita hakitembei na mama na mtoto mchanga. Hakuhitaji kusema neno.

Kuhusu njia, alichokitambua kilikuwa ni nchi ya utotoni mwake, na hapo alikuwa sahihi. Agosti 1805, kabla ya kuwafikia Washoshone, aliutambua mwamba wa Beaverhead akasema watu wake hawako mbali. Na wakati wa kurudi, Julai 1806, kundi la Clark lilipokuwa likitafuta pa kuvukia kwenda mto Yellowstone, yeye ndiye aliyependekeza pengo la milima lililoko kusini zaidi. Clark akaandika kwamba mwanamke huyu amemsaidia sana kama kiongozi wa njia katika nchi ile, na kwamba atalifuata pendekezo lake. Ndipo panapoitwa Bozeman Pass, Montana. Miaka mingi baadaye reli ilipitishwa hapohapo.

#10 Mama Wawili

Bado nasubiri jibu langu. Alilipwa nini?

#11 Mleta uzi

Hakuna, mama. Agosti 1806 walipoagana kwenye vile vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, Charbonneau alilipwa dola 500 na senti 33. Sacagawea hakupewa hata senti. York, mtumwa wa Clark aliyefanya kazi sawa na askari safari nzima, naye hivyohivyo.

Siku tatu baadaye Clark alimwandikia Charbonneau barua akikiri kwamba mkewe alistahili zawadi kubwa kuliko walivyoweza kumpa. Ni vizuri alikiri. Lakini tuangalie mizani: Novemba 1805, mdomoni mwa Columbia, makapteni walitaka vazi zuri la manyoya ya fisi-maji wa baharini. Mwenye nalo hakutaka kitu kingine ila shanga za buluu. Shanga za buluu pekee zilizobaki zilikuwa mkanda wa kiunoni mwa Sacagawea. Ukatolewa. Yeye akapewa koti la kitambaa cha buluu. Krismasi ile alimpa Clark mikia 24 ya vicheche weupe. Na kabla ya hapo, Clark akiwa anaumwa tumbo, alimpa kipande cha mkate wa unga aliokuwa amemwekea mwanawe. Aliyekuwa na kidogo ndiye aliyekuwa akitoa.

Siku moja tu alidai. Januari 1806 habari zilikuja kwamba nyangumi amekwama ufukweni, Clark akaandaa watu kwenda kununua mafuta. Yeye hakuwa kwenye orodha. Akasema amesafiri mbali sana pamoja nao ili aone maji makubwa, na sasa samaki yule mkubwa naye yupo, anaona ni vigumu sana kukataliwa kuona vyote viwili. Walikuwa wameishi karibu na bahari kwa wiki kadhaa na hakuna aliyefikiria kumpeleka! Wakamruhusu. Walipofika wenyeji walikuwa wameshamkwangua nyangumi, imebaki mifupa, ambayo Clark aliipima futi 105.

#12 Msomaji wa Usiku

Nimesoma mahali kwamba aliishi hadi uzee, akafa 1884 kule Wyoming. Wengine wanasema alikufa kijana. Wewe unashika lipi?

#13 Mleta uzi

Nashika la 1812. Tarehe 20 Desemba 1812, karani wa Fort Manuel, ngome ya wafanyabiashara wa ngozi, John Luttig, aliandika kwamba jioni ile mke wa Charbonneau, Mshoshone, amekufa kwa homa, kwamba alikuwa mwanamke mwema na bora kuliko wote ngomeni, umri kama miaka 25, na ameacha binti mchanga mzuri. Luttig hakutaja jina, na Charbonneau alikuwa na mke mwingine wa Kishoshone, ndiyo maana ubishi ukapata nafasi. Lakini Clark, ambaye alimjua na alikuwa akiwafuatilia watu wake wa msafara, aliandika miaka ya 1820 orodha ya majina yao na mbele ya jina lake akaweka: amefariki.

Simulizi ya Wyoming inamhusu bibi aliyeishi kwa Washoshone wa Wind River na kuzikwa huko 1884. Wapo Washoshone wanaoishikilia kwa moyo wote, na ninawaheshimu, ila maandishi ya watu waliomjua Sacagawea kwa sura yananielemea upande wa 1812.

Watoto wake walibaki St. Louis mikononi mwa Clark, ambaye alifanywa mlezi wao mwaka 1813. Jean Baptiste alisomeshwa, akaenda Ulaya na mtu wa ukoo wa kifalme wa Kijerumani, akarudi 1829, akawa mwongoza misafara milimani, akafia Oregon mwaka 1866. Binti, Lisette, anatoweka kwenye maandishi akiwa bado mdogo.

Na kwa wanaouliza picha: sura mnayoiona kwenye sarafu ya dola ya Marekani ya mwaka 2000 si yake. Hakuna aliyewahi kumchora akiwa hai. Aliyekaa mbele ya mchongaji ni msichana wa Kishoshone, Randy'L Teton, na sarafu inamwonyesha Sacagawea na mtoto mgongoni. Charlottesville, Virginia, kulikuwa na sanamu ya 1919 iliyomweka amechutama nyuma ya Lewis na Clark waliosimama wima. Wazao wa watu wake walilalamika, na Julai 2021 ikaondolewa.